Kihisi cha Jikoni na Biskuti za Glenys

Jumatatu, 3 Juni
Hapa mjini Ballarat leo baridi inauma hadi meno. Na biskuti zimeibwa tena! Glenys, mke wangu, huzioka za shayiri na nazi kwa ajili ya chai ya saa nne hapa Bandani, ambako sisi wastaafu tunaranda mbao na kusengenyana. Ijumaa kopo lilikuwa pomoni. Leo makombo. Namshuku Aldo, fundi vigae mstaafu, ambaye siku hizi anashinda hapa asubuhi hadi jioni. Mimi huonja mojamoja nikipita, lakini huo si wizi. Ni za mke wangu.

Nina mpango. Jengo hili zamani lilikuwa duka la dawa. Vihisi vya king'ora chao, vile vinavyotambua mtu akipita, bado vimebaki kwenye pembe za dari, na nyaya zake zimelala ukutani bure. Nitakiunga cha jikoni na kompyuta ndogo, ile yenye ukubwa wa kiberiti, ili simu yangu inionyeshe kila mtu anapoingia. Royce, mwenyekiti wetu, akauliza kama najua ninachofanya. Swali gani hilo!

Jumanne, 4 Juni
Moshi! Kihisi kinataka volti kumi na mbili. Kompyuta haitaki hata nusu ya hizo. Mimi nilidhani umeme ni umeme. Aldo akanusa hewa, akauliza, Mervyn bwana, unachoma nyama bila kutuita? Banda zima likacheka. Chekeni tu. Nimenunua kompyuta nyingine, na safari hii kila kimoja kina umeme wake. Nilionja mbili kati ya biskuti mpya za Glenys kujipoza moyo.

Jumatano, 5 Juni
Imekubali! Nimeiambia kompyuta hivi: umeme ukipita kwenye kihisi, mtu yupo, onyesha nyekundu. Ukikatika, jiko ni tupu, onyesha kijani. Nani asiyejua hilo? Sikujaribu. Mtu hajaribu kitu anachokijua.

Mchana wote tulikwenda kutazama mpira wa mjukuu wa Royce. Aldo alibaki, eti anamalizia farasi wa mbao wa watoto wa hospitali. Nikafungua simu. Nyekundu! Kipindi cha pili, nyekundu. Mechi imekwisha, bado nyekundu! Anakula hadi kopo lenyewe? Hata usiku iliendelea kuwa nyekundu. Hao nadhani ni panya.

Alhamisi, 6 Juni
Niliwasubiri wakusanyike kwenye chai. Nikainuka, nikasema kikulacho ki nguoni mwako, nikanyoosha simu wote waione. Aldo akajibu kwamba hakukanyaga jikoni, chai yake ilikuwa kwenye chupa yake. Nikamwambia kifaa hakina rafiki wala adui, mzee mwenzangu. Royce akaangalia viatu vyake. Aldo akachomoa ufunguo wa Banda kwenye pete yake, akauweka mezani, akachukua chupa yake ya chai na kuondoka. Nilitarajia makofi. Hakuna aliyepiga.

Ijumaa, 7 Juni
Ee Mungu wangu.

Nilipitia jikoni asubuhi kuonja moja. Mkono ndani ya kopo, nikatupia jicho simu. Kijani. Nikapunga mkono. Kijani. Nikaruka-ruka na umri huu wangu. Kijani! Nikatoka nje ya mlango, nikasubiri kidogo. Nyekundu.

Nikapanda ngazi, nikafungua kihisi. Imeandikwa ndani ya kifuniko, kwa maandishi ambayo hata mimi nayasoma bila miwani. Vihisi hivi vya zamani hupitisha umeme wakati kumetulia, mtu akipita ndipo hukata. Kwa hiyo jana nilimhukumu Aldo kwa ushahidi kwamba jikoni hakukuwa na mtu. Nikatafuta sasa kwenye kumbukumbu za simu nyakati zote za kijani, nimjue mwizi halisi. Mimi. Mimi. Royce akiosha vikombe. Mimi tena.

Naona aibu hadi masikio yanawaka. Nimerudi nyumbani kwa uchochoro.

Jumamosi, 8 Juni
Royce kapiga simu. Aldo hapokei, na farasi wake amebaki bila mkia. Niliwaandikia wenzangu wote ukweli, nikaufuta. Nikatuma kwamba kifaa kina hitilafu ndogo. Royce akauliza, hitilafu gani? Nikazima simu.

Glenys alinibana hadi nikasema yote. Alisema nyani haoni kundule. Kisha akaacha mzaha. Akanikumbusha kwamba Aldo alimzika mkewe Carla mwaka jana, nyumba yake haina sauti ya mtu, na Banda ndilo lililokuwa likimtoa kitandani. Je, nilikuwa nalijua hilo? Nililijua. Nilikuwepo mazishini, nilibeba jeneza. Nenda ukamwombe radhi, alisema, uso kwa uso. Akaanza kuoka keki.

Jumapili, 9 Juni
Nilikwenda na keki. Aldo alikuwa uani kwake peke yake, amesimama tu, reki mkononi, hakusanyi majani wala nini. Nilipunguza mwendo wa gari. Akainua kichwa. Nikakanyaga mafuta, nikalizunguka ziwa la mjini zima na keki ikiteleza kwenye kiti. Nimemwambia Glenys kwamba hakuwepo. Mimi ni mtu wa hovyo. Usiku huu sitalala vizuri, na nastahili.

Jumatatu, 10 Juni (sikukuu)
Nimepata suluhisho!

Kihisi cha stoo ya Banda kimekaa bure. Nitakifunga kwenye mti mkabala na lango la Aldo, nikitie betri, nikifunike na mfuko wa mkate mvua isikipate. Akitoka kwenda dukani, simu itaniambia. Hapo hapo naweka keki mlangoni na kutimua mbio. Radhi itakuwa imeombwa, na hakuna atakayelazimika kumtazama mwenzake machoni. Rangi nimeshazigeuza. Sina haja ya kujaribu.

Glenys ameniuliza nakwenda wapi na ngazi. Nimemwambia nakwenda kwa Aldo, kuweka mambo sawa. Amenibusu shavuni.