Nyusi za Mama Mitchell

Jumatatu, 3 Machi 2025. Ruiru.

Sijakasirika! Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu mwingine anayeniamini. Jana kanisani pasta alinishika mkono akaniuliza nani amenikosea. Leo kwenye duka langu la sare mteja amerudisha sweta ya shule kwenye rafu, akaomba msamaha, akaenda zake. Ni nyusi! Tangu nifikishe hamsini zimeshuka na kuyakalia macho kama kuku anayeatamia.

Hilo ningevumilia. Lakini jioni binti yangu Mitchell amekuja analia. Wazazi wa Boaz, mchumba wake, walipotutembelea mwezi uliopita, waliondoka wakiamini simtaki kijana wao kwa sababu ni Mjaluo wa Siaya, si Mkikuyu kama sisi. Mimi! Niliyempakulia mara tatu! Mama yake, Awiti, anasema niliwatazama kama watu waliokuja kuuza mali ya wizi. Rahisi kwake kusema. Paji lake la uso ni laini kama sahani.

Ruracio, siku ya kuzungumza mahari, ni Jumamosi ya wiki ijayo. Wakizidi kuamini nimekataa, harusi imekwisha. Huu uso lazima upandishwe.

Jumatano, 5 Machi.

Nimeenda Thika kwa Daktari Nzioki, anayepasua nyuso. Gachanja, mume wangu, anajua nilifuata vifungo vya sare.

Daktari ni mpole kupita kiasi. Akanieleza kuna njia tatu. Ya kwanza, mkato mrefu ndani ya nywele, sikio hadi sikio. Ngai! Ya pili, mkato juu tu ya nyusi: kazi ni nyepesi, ila kovu linabaki usoni. Ya tatu, vitobo vidogo ndani ya nywele, kamera ndogo inaingia, na nywele zinafunika makovu. Nikasema hiyo hiyo, kesho asubuhi nina nafasi.

Akaniomba nivue kitambaa. Nikavua. Akainama akachungulia. Kisha akasema nywele zangu za mbele zimerudi nyuma kwa kusukwa kwa nguvu miaka mingi. Sasa makovu tutayaficha wapi? Akauliza na kile kivimbe sikioni ni nini. Nikamwambia ni hereni. Akakivuta kidogo. Hakikutoka.

Haya, ni kovu la kutobolewa sikio, likavimba. Akasema ngozi inayovimbisha makovu hivyo haikatwi kwa pupa. Nipumzishe nywele miezi sita, nisizisuke, halafu nirudi tuzungumze. Na hata angenipasua leo, wakwe wangenikuta nimevimba kama andazi.

Akaniuliza: "Mama, na ukiwaambia tu kwamba unampenda kijana?"

Amesoma miaka yote hiyo, na huo ndio ushauri!

Ijumaa, 14 Machi.

Suluhisho! Daktari mwenyewe ndiye aliyenipa, bila kujua. Si amesema kusukwa kunavuta nywele nyuma? Basi kuvute na nyusi!

Nimeenda Mwiki kwa Maxine, msusi mwenye vidole vya chuma. Nikamwambia asuke matuta ya kurudi nyuma, avute mpaka nimwone marehemu nyanya yangu. Akasema nitaumia. Nikamwambia avute. Mteja wa kiti cha pili akatoka nje, hakuweza kutazama.

Nyusi zimepanda! Bila kisu, bila kovu! Nzioki aje Mwiki ajifunze kazi.

Tatizo dogo: macho hayafungi vizuri. Nitalala nimekaa.

Jumamosi, 15 Machi.

Sitaki kuandika. Naandika.

Walikuja, baada ya Mitchell kuwabembeleza. Mjomba wa Boaz akaanza kumsifu kijana. Akasema ni mhandisi wa maji. Nikamtazama. Akasita. Akasema, sawa, ni msaidizi wa mhandisi. Nikaendelea kumtazama, ningefanya nini? Akafuta jasho, akakiri kijana bado yuko mafunzoni. Gachanja akaninong'oneza niache kumkodolea macho mgeni. Niache vipi!

Awiti akasimama. "Mama Mitchell, kama huamini hata neno moja letu, sema tuondoke."

Nikamwona Mitchell ameinamisha kichwa. Boaz ameshikilia soda yake kama mtu aliyeshikilia ukuta. Moyo ukaniuma kuliko kichwa.

"Mama Boaz, ni matuta!" nikapiga kelele. "Siwezi kufunga macho tangu jana!"

Awiti akaja, akanigusa kichwa, akashtuka. Akanishika mkono mpaka chumbani, akaanza kunifumua kwa ncha ya kitana. Tuta moja, nyusi zinashuka kidogo. Tuta lingine, zinashuka tena. Alianza kucheka yeye. Nikafuata mimi, machozi yakinitoka. Nikamwambia nilimpenda Boaz tangu ile sahani ya kwanza. Akaniuliza sasa mbona sikusema.

Tukarudi na uso wangu wa kila siku. Mjomba akauona, akashusha pumzi, akaendelea. Wamekubaliana. Harusi ni Agosti.

Jumanne, 18 Machi.

Mitchell ameleta picha. Iliyo nzuri kuliko zote ilipigwa na dada yake Boaz pale mlangoni mwa chumba: mimi na Awiti tunacheka, nywele zangu timutimu. Mitchell akasema niitazame vizuri, nione kwamba uso wangu haujawahi kuwa na shida.

Nimeitazama vizuri. Kwa miwani. Ni kweli, nyusi hazina neno.

Lakini hiki kidevu cha pili kimetoka wapi, na mbona hakuna aliyeniambia? Nimempigia Daktari Nzioki kumwuliza kovu la kidevu hufichwa wapi.

Hapokei.