Mji Usio na Makarani

Jumatatu, 4 Machi
Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, usimsomee mtu hata neno. Barua ya kunithibitisha kazini inasainiwa Ijumaa!
Siri ni hii: nachora hadithi ya picha ya shujaa, chini ya meza ya masjala. Anaitwa Alade, mwana wa Obatala, mungu wa nguo nyeupe aliyetufinyanga binadamu. Anaruka juu ya Ile-Ife, yaani Ife yetu hii, na kujenga mji wa haki. Hakuna foleni. Hakuna rushwa. Mabomba ya mtaani yanatoa tembo la mchikichi, bure! Halmashauri yetu ina shindano la hadithi kama hizi. Nitashinda.

Jumanne, 5 Machi
Ojelabi wa meza ya pili kaziona kurasa. Kacheka hadi kashika mbavu. Kauliza, dogo, makarani wako wapi? Nikapekua kurasa zote kumi na mbili. Hakuna hata mmoja. Nimejifuta kazi kwa mkono wangu! Akasema kumbe hata peponi hatutakiwi.
Nimeongeza karani mmoja, ukurasa wa tisa, nyuma ya mti. Anatetemeka. Kafanana nami mno.

Jumatano, 6 Machi
Hatari! Adui wa Alade amevaa miwani ya Mama Efunyemi, mkuu wetu. Nimemvua, nikamvisha Alade. Mama akiiona atajivunia. Akili hiyo! Nimewasilisha.

Alhamisi, 7 Machi
Mwamuzi ni Mama Efunyemi mwenyewe. Kaniita. Nikalala kifudifudi kumwamkia, kama adabu inavyotaka, nikabaki huko huko sakafuni kwa usalama.
Akasema mji ni mzuri. Nikapumua. Kisha akauliza, mwanangu, wewe kweli mzaliwa wa Ife? Obatala si alilewa tembo akafinyanga watu vibaya, akaapa yeye na wanawe wasilionje tena?
Kila mtoto hapa anajua. Shujaa wangu anakunywa katika kurasa nane!
Akaongeza kuwa ukoo wao wote ni wa Obatala, jina lake lenyewe linatangaza, maana efun ni chaki nyeupe ya Obatala, nami hulipiga chapa kila siku. Na hata miwani yangu, akasema, umemvisha mlevi!

Ijumaa, 8 Machi
Barua imesainiwa. Muda wa majaribio umeongezwa miezi sita. Mama kasema anayejua kujenga mji usio na foleni aanze na ile ya vyeti vya kuzaliwa. Nimehamishiwa dirisha la tatu.

Jumatatu, 11 Machi
Nimepata dawa! Alade sasa ni mwana wa Ogun, mungu wa chuma. Hagusi tembo. Nimempa mbwa mdogo, rafiki wa kufa na kuzikana. Ojelabi kamtazama huyo mbwa, kaniuliza kama nakumbuka Ogun huchinjiwa mnyama gani. Sina muda wa maswali, nachora chini ya dirisha.
Ukitaka kunipongeza, usiulize kwa jina. Njoo dirisha la tatu, sema umepoteza cheti, kohoa mara mbili. Foleni imefika getini. Beba kigoda.