Fuwele za Kumeza Buluu

Jumatatu, 4 Machi
Fuwele zangu zimekufa tena! Miaka sita ndani ya maabara hii, na bado nimezikausha kwa pupa. Vitundu vyake vimebomoka. Zilitakiwa zimeze buluu na kuacha rangi ya chungwa. Maji niliyochanganya rangi hizo mbili yamebaki kijani.

Baba yuko hospitali, mjini Shaoxing. Mapafu. Miaka thelathini ya kutia vitambaa rangi kiwandani. Kucha zake ni buluu mpaka leo. Anataka kuona rangi ikitoka majini, walau mara moja. Nimemwahidi Ijumaa. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 5 Machi
Fuwele za Tong Ruolan zimefanya kazi. Yuko mwaka wa pili tu! Ananiita kaka mkubwa, kama desturi ya maabara, na kila akiniita naumia. Kaulizia hali ya baba. Kasema kaka nikikwama niseme tu. Niseme? Mimi, kwa mdogo wangu?

Alhamisi, 7 Machi
Saa sita. Wote kantini. Chupa zetu zinafanana, unga ule ule mweupe. Nimebandua lebo yake, nimebandika yangu. Yake nimeibandika kwenye chupa yangu. Dakika mbili! Akili ninazo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemimina unga kwenye maji ya rangi mbele ya baba. Tumesubiri. Kijani. Nimetikisa. Kijani! Nesi kauliza kama ni chai ya kijani. Baba kacheka mpaka kakohoa. Kisha kanishika mkono, kasema rangi hiyo anaijua, ndiyo waliyokuwa wakiimwaga mtoni. Nisijali, ataona wiki ijayo.

Ruolan tapeli! Kumbe hata zake mbovu.

Jumanne, 12 Machi
Baba amefariki. Wamemsugua kucha. Hazikutakata.

Jumatano, 3 Aprili
Kesho ni sikukuu ya kufagia makaburi ya wafu wetu. Nimerudi maabara. Ruolan kalia, kisha kaungama: siku moja kabla sijagusa lebo, alimimina fuwele zake chupani mwangu, zangu akazitia mwake. Hakusema, maana mdogo hamwaibishi kaka yake. Kauliza kama baba alifurahi.

Nimejibu alifurahi sana. Nimejifungia chooni, nimelia mpaka kwikwi.

Nilipotoka kaniambia ametengeneza nyingine, nimpelekee baba kaburini. Zote zimo chupani mwangu, hakujibakizia hata chembe.

Hata chembe? Nani asiyejibakizia! Chupa yake mbona nayo ina unga? Zilizo bora lazima zimo mwake. Na mimi sipewi kama maskini. Baba safari hii ataona, naapa.

Saa sita wanakwenda kantini. Lebo nimeshaandika.