Asali ya Karani

Jumatatu, 7 Machi 1955. Ipuli, Tabora
Miaka kumi na minane na siku nne tangu serikali ituhamishe kutoka Uyowa kwa sababu ya mbung'o. Nilitoka na jembe, vitabu viwili na kapu la bata kichwani. Katika ukoo ule wa bata amebaki dume mmoja tu, Karani, anayetembea kama mtu aliyeitwa bomani. Leo asubuhi nimemkuta anaburuta uume wake. Umetoka nje, umevimba, haurudi! Akifa, bata wa Uyowa wamekwisha. Hafi. Nina kitabu cha mifugo.

Jumanne, 8 Machi
Kitabu kinahusu ng'ombe anayezaa, kizazi kikamtoka nje. Kiungo ni kiungo. Kinaagiza kusafisha, kupaka mafuta, kusukuma taratibu. Mke wangu Josepha alimshika mabawa, mimi nikasukuma. Ukaingia! Nikasimama kupokea pongezi. Ukatoka. Karani akaning'ata kidole. Josepha akashauri atengwe na majike wake watatu. Nikasema mgonjwa anahitaji jamaa zake. Akauliza ni mgonjwa gani huyu anayewapanda jamaa zake. Nikamrudisha kwao.

Jumatano, 9 Machi
Wenceslaus asijue! Ni jirani yetu, mstaafu wa reli, Mzigua. Mimi Mnyamwezi. Babu zetu walitaniana tangu enzi za misafara ya pwani, nasi tumerithi. Mtani akikutukana, ni mwiko kukasirika. Akichukua kitu chako, unakikomboa kwa masharti yake. Akijua bata wangu anaumwa wapi, itabidi nihame tena. Leo amechungulia juu ya ua, akauliza kwa nini bata amevaa kitambaa. Nikasema baridi. Akatazama jua, akanitazama mimi.

Alhamisi, 10 Machi
Nimepata dawa! Kitu kitamu hunyonya maji, na uvimbe ni maji. Nimechukua chupa ya asali dukani kwa Nanji, nikapaka nusu. Baada ya saa moja uvimbe umepungua waziwazi. Hata Josepha amekiri. Akasema sasa nioshe kwa maji safi. Asali ya miombo haioshwi. Nimepaka nusu iliyobaki.

Ijumaa, 11 Machi
Siafu. Wameifuata asali alfajiri. Karani ameruka ua wa mabua akipiga kelele, akatua kwa Wenceslaus, kila kitu kikining'inia hadharani. Kicheko cha Mzigua nadhani kimefika hadi kijiji cha Itetemia. Akatangaza kwamba Wanyamwezi hata bata wao hawajui kujisitiri, kwamba mateka ni wake, na kwamba Pasaka haiko mbali. Nikamwambia amguse aone. Akasema ameshamgusa, tena amemwosha, kazi iliyomshinda mwenyewe.

Jumapili, 20 Machi
Siku tisa Karani amekaa peke yake katika karai la maji safi la Mzigua. Uume umeingia ndani na umetulia. Asali yangu hufanya kazi polepole.

Nimemkomboa. Sharti: nisimame nje ya kanisa baada ya misa, niseme kwa sauti kwamba babu yangu alibeba mizigo ya babu yake Wenceslaus, na aliibeba vibaya. Nimesema. Ipuli nzima imepiga makofi. Nina sauti nzuri. Kisha Wenceslaus akanivuta pembeni. Hakutania. Aliniita kaka. Akasema nimtenge na majike mpaka Pasaka ipite, kwani ukitoka tena utaoza, naye hatakuwa na la kucheka. Nimemshukuru sana.

Jumatatu, 21 Machi
Jana jioni nimemrudisha Karani kwa majike wake. Ukoo wa Uyowa unahitaji vifaranga, si mawaidha ya mtu wa reli. Alifurahi mno.

Asubuhi umetoka tena, safari hii mweusi kwenye ncha. Si neno. Nimeagiza kwa Nanji chupa mbili, na majivu ya kuzuia siafu ninayo. Josepha ameshika mlango, macho yamejaa machozi, anasema nimpeleke bata kwa Wenceslaus angali hai. Nimemweleza kwamba kuna mahali mtu akiondoka, ameondoka. Uyowa sitarudi, pori limeshameza njia. Na kwa Mzigua yule sitarudi.