Kitasa cha Pikapu ya Shemeji Guleid

Wabera, Isiolo
Agosti 1981

Kwa Shemeji Guleid, mwenye pikapu ya kijani,

Assalaam aleikum. Natumaini wewe na mkeo Sirad mko salama, na kwamba miguu yako haijaanza kuuma kwa kulizunguka gari. Sisi hapa hatujambo, na nikisema sisi nina maana ya mimi na paka, kwa sababu dada yako Nurto bado yuko Garbatulla kwa mama yenu na hataki kurudi kwangu. Ningekuja kwako kwa miguu tuongee, si mbali, lakini ungecheka. Nakuandikia kwa heshima zote utengeneze mlango wa gari lako kabla mji huu haujaharibika kabisa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kitasa cha mlango wa gari si jambo la siri. Ukibamiza mlango, ulimi wa chuma ulio ndani ya kitasa unakutana na pini iliyofungwa kwenye bodi, unazunguka na kuikamata. Papo hapo kipande kingine kidogo kinasukumwa na springi, kinaingia kwenye jino la ulimi ule na kuuzuia usirudi. Hapo mlango umefungwa, hata gari liruke mashimo yote ya barabara ya Garbatulla. Kuufungua ni kukiinua kile kizuizi tu, ulimi uiachie pini. Mkono wa nje unakiinua. Mkono wa ndani nao unakiinua kwa kuvuta rodi nyembamba inayopita ndani ya mlango, na rodi hiyo inashikwa na klipu ndogo sana. Klipu yako ya upande wa abiria imeanguka. Basi Sirad akivuta mkono wa ndani, rodi haiendi popote, na hawezi kutoka mpaka afunguliwe kutoka nje. Ugonjwa wenyewe ndio huo, na kipande cha waya kingeutibu.

2. Waliounda magari walikaa wakafikiri, wakaweka mikono miwili, mmoja nje na mmoja ndani, ili mtu mzima ajitoe mwenyewe bila kumsumbua mwenzake. Wewe umeamua kuwasahihisha. Ulisimama mbele ya duka la Mahamud, wazee wakiwa na chai zao barazani, ukashuka, ukapita mbele ya boneti polepole kama mtu anayekwenda kupokea zawadi, ukamfungulia mkeo mlango. Sirad akashuka bila kumtazama mtu. Mzee Guyo alisahau kumeza chai. Ungesema tu kwamba kitasa ni kibovu, tungekupa pole na mambo yangeishia hapo. Ulitabasamu.

3. Tangu siku hiyo wanawake wa Isiolo wamesahau kufungua milango ya magari, wote kwa mpigo. Mke wa Golicha alibaki ndani ya lori baada ya mumewe kushuka. Golicha aliswali, akanywa chai, akafika nyumbani, akauliza chakula kiko wapi, ndipo watoto walipomwambia kwamba mpishi bado amekaa ndani ya lori kule msikitini. Sharamo naye alikuwa anashusha mbuzi mnadani, mkewe akamwita mbele za watu: "Wewe Sharamo, hiyo mbuzi unafungulia mlango, na mimi bibi yako nakaa tu hapa kama gunia?" Bei ya mbuzi ilianguka, maana wanunuzi walikuwa wanacheka. Boru hana gari, ana punda na mkokoteni usio na mlango wowote, na hata yeye anatakiwa azunguke mbele ya punda kwanza ndipo mama watoto ashuke. Punda hajazoea mambo haya, amemuuma. Nasikia sasa huko Kipsing, ambako gari hupita kwa nadra, wanawake wanauliza kama ngamia naye anaweza kuzungukwa. Nchi huanza kuharibika hivi hivi.

4. Sasa nyumbani kwangu. Tulitoka kumtazama mgonjwa, nikaegesha gari langu mlangoni, nikashuka. Nurto akabaki amekaa, mikono mapajani. Mimi, mwanamume mwenye akili zake, nikasimama uani nikamweleza, kwa sauti iliyowafaidi majirani wote, namna kitasa kinavyofanya kazi: ulimi, jino, kizuizi, springi, rodi. Nikamwambia rodi yako ni nzima, vuta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta. Mlango ulifunguka vizuri sana, bila hata kulia, akashuka, akaingia ndani kufunga nguo zake. Kitasa changu hakina kosa lolote, shemeji, na nyumba haina mtu. Naumia kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo, kwa niaba ya waume wote wa Wabera, naomba urudishe klipu wiki hii, kisha umpitishe Sirad mjini akijishukia mwenyewe, mchana, watu wakiwepo. Ukikataa, tutaomba wazee wakae baraza juu ya mlango huo, na wewe unajua wazee wakikaa hawainuki haraka.

Msalimie Sirad, wasalimie watoto, msalimie na yule jirani yako anayenidokezea habari zako. Salamu zangu kwa kila atakayesomewa barua hii, maana najua utaisoma kwa sauti.

Ni mimi shemeji yako, mwenye mlango mzima,
Robow

Nilisahau jambo: hiyo klipu iliyomo ndani ya bahasha usiifunge kwenye gari lako. Nimeichomoa kwenye mlango wangu, upande wa Nurto, nikakutumia ili isiwe karibu nami nikabadili nia. Ijumaa naenda Garbatulla kumchukua, kama atakubali. Kuzunguka boneti naweza, nimejaribu uani wakati majirani wako sokoni. Nisilolijua ni mtu asemeje mlango ukishafunguka. Nurto akiwa amekaa pale ananitazama, nami nimeushika mlango, nitamwambia nini, shemeji?