Siku Liki Ziliposimama Temeke

Tueni mizigo, enyi watu wa Temeke, nanyi mshikao njia ya Mtoni na matenga ya samaki. Nyamazeni, hata wewe unayepuliza moto, mpate kusikia habari za Tekla binti Theonest, mke wa Mwalimu Gaspar, simba jike wa mafiga matatu, aliyepigana na mboga mchana kweupe.

Zilikuwa zama za Mwingereza. Tekla alikuwa mgeni kutoka Bukoba, na wanawake wa mtaa walikionja chakula chake mara moja tu, wakakiita chakula cha mgonjwa. Neno lile lilimchoma mkuki wa moyo. Ndipo akamwalika Bi Mwanaheri, malkia wa masinia, ambaye bila idhini yake hakuna aliyeshika mwiko katika harusi yoyote ya mtaa ule. Na ili mgeni, aliye Mwislamu, asitilie shaka uchinjaji wa nyumba ya Kikristo, akaapa kutopika nyama. Silaha yake ikawa liki, vile vitunguu virefu vya majani, zilizoletwa kutoka Lushoto.

Akazichemsha. Ole! Zilizoingia chunguni zimenyooka kama askari wa gwaride zilitoka zimelegea, zikalala sahanini kama jeshi lililokwisha kushindwa. Akazisimamisha ndani ya bilauri. Zikainama moja moja, ya mwisho ikamwangukia mkononi.

"Mke wangu," akanena Gaspar mlangoni, mkono kifuani, "mashujaa wakubwa wamewahi kurudi nyuma bila aibu. Tumpe chai na mkate, tuokoe heshima ya nyumba hii!"

"Baba Wilbert," akajibu Tekla, kisu kimeinuliwa, "mie sirudi nyuma. Na unanizibia mwanga!"

Mwalimu akarudi nyuma yeye.

Tekla akazikata liki fupifupi kama kidole gumba, akazisimamisha wima zikiegemeana: ngome ya minara myeupe, kila mnara na pete zake za kijani. Akaifunga ngome kwa ukanda wa jani lililolainika, fundo likakaza. Akaizungushia tui zito la nazi. Juu yake akachekecha kiini cha yai la kuchemsha, kikanyesha kama mvua ya manjano. Kisha akatia kileleni ua alilolisokota kwa ganda la nyanya.

Hodi ikapigwa.

"Shikamoo, Bi Mwanaheri."

"Marahaba, mwanangu."

Kawa likafunuliwa.

"Hiki chakula," akauliza malkia, "au pambo?"

"Chakula, bibi. Karibu."

"Ewe mwanamke! Napanga masinia tangu enzi za Mdachi, sijaona ngome ya kuliwa. Mkono wangu unaona haya kuibomoa!"

Lakini ukaibomoa. Ukaangusha mnara baada ya mnara, ukafukuzia tui kwa mkate hadi pembeni mwa sahani, na ua la nyanya nalo halikusalimika.

"Ijumaa namwoza binti yangu Mwamvita," akasema Bi Mwanaheri akijifuta midomo. "Sinia la bwana harusi utalipamba wewe. Na fundo hilo la jani utanifunza mie, ila mlango tuufunge, wenzangu wasione."

Gaspar, aliyengoja chumbani kwa njaa, akaikuta sahani nyeupe. Akala mkate mkavu kwa fahari. Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na wajukuu wasomewe: hivyo ndivyo Temeke ilivyotekwa, pasipo tone la damu, na mwanamke mmoja aliyezisimamisha liki.