Kipupwe cha Ndugu Meneja

Mwaka ule sukari ilipohamia chini ya vitanda vya wakubwa, Jabiri wa Temeke, fundi wa magari, alikuwa hana mke nyumbani. Mkewe Mwanaasha alikuwa amerudi kwao Mbagala na kuacha neno moja: "Mie sirudi nyumba ya chai kavu. Ukipata sukari, njoo."

Basi Jabiri alipoliona gari kuukuu la Pijo mbele ya duka la ushirika, meneja Ndugu Elinaza analowa jasho ndani, na nyuma ya kiti gunia limefunikwa kanga, alijua Mungu hajamtupa. Gunia! Na asubuhi ile ile Ndugu huyo amewatangazia kinamama wa foleni, kwa sauti ya mkutano wa hadhara, kwamba sukari haijafika.

"Shikamoo mzee. Feni imekufa?"

"Marahaba. Feni gani?"

"Hii hapa chini ya dashibodi. Wenzio wanapulizwa kipupwe, wewe unachemka kama muhogo?"

Alimshika pabaya. Huyu bwana jukwaani alihubiri usawa mpaka mate yakamruka, lakini mwenzake apoe yeye asipoe? Haiwezekani!

Jabiri akaingiza kichwa. Fyuzi nzima. Akagusisha balbu kwenye waya, ikawaka, umeme unafika. Akaigonga mota kwa mpini wa bisibisi, ikakohoa, ikanyamaza. Akaifungua: mabawa ya mende na nyasi za kiota cha panya zimekaba mapanga ya feni. Kazi ya kupuliza kwa mdomo. Akapuliza, kisha akatoka amekunja uso kama aliyetoka chumba cha maiti.

"Kubwa hii, mzee. Nitaimaliza, ila sitaki fedha. Nataka hilo lililojifunika kanga kama bi harusi."

Elinaza akatazama huku na huku, akalitoa. Alilitoa upesi mno, ila Jabiri hakuwa na nafasi ya kushangaa.

Ile ilikuwa feni ya joto, Wazungu waliitia kwa ajili ya theluji ya kwao. Lakini Dar feni ni feni. Nani kasikia feni ya kuunguza? Jabiri akasukuma kishikio mpaka kwenye alama nyekundu, ya moto, feni ikavuma.

"Funga vioo, kipupwe kisitoroke. Mwanzoni itapuliza moto. Vumilia, ndio joto la zamani linatoka."

"Litatoka mpaka lini?"

"Inategemea mwili, mzee. Wewe umehifadhi mengi."

Gari likaondoka, Ndugu Meneja ndani kama mkate tanurini, uso unamtiririka jasho.

"Analia yule?" akauliza Felicitas wa foleni.

"Anapoa," akajibu Jabiri.

Jioni, Mbagala, chai ikichemka, Jabiri alimsimulia mkewe kisa chote, neno kwa neno, na Mwanaasha akacheka hadi akashika mbavu. Furushi lake la nguo lilikuwa tayari mlangoni. Akatia sukari, akakoroga. Kijiko kikakwaruza. Akakoroga tena. Krrr.

Akazamisha mkono guniani. Juu sukari ya kiganja kimoja. Chini yake mchanga mweupe, umechekechwa vizuri, tayari kwa foleni ya kesho.

"Mchanga wa ufukwe wa Kimbiji huu," alisema taratibu. Akalirudisha furushi chumbani, akamsogezea Jabiri kikombe.

"Kunywa, mume wangu. Mwanzoni itakwaruza. Vumilia, ndio mchanga wa zamani unatoka."